Biti Nassoro Alivyopanda Basi la Mpapura

Nyie wajukuu mnapanda gari kana kwamba mnaingia jikoni kwenu. Hamsalimii mtu, mnajibwaga kitini, mnaziba masikio kwa vile viwaya vyenu vya simu, gari likifika mnashuka na kwaheri hakuna. Sisemi ni vibaya. Nasema zamani kupanda basi ilikuwa kazi ya kufundishwa, na mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi, kwa sababu mtu akipanda ovyo anayetukanwa ni kondakta.

Nilikuwa kondakta wa basi la Mtwara na Mpapura, miaka ile vita vilipokuwa vinaendelea ng'ambo ya Ruvuma na huku kwetu watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Gari letu lilikuwa la pua ndefu, mabenchi ya mbao, madirisha mengine yanafunguka na mengine yameamua kutofunguka kabisa. Alfajiri linatoka stendi ya Chikongola, linakwenda kuchukua watu Mpapura, linarudi nao mjini. Alasiri linawarudisha kwao na mizigo yao.

Abiria wa mara ya kwanza nilimjua kabla gari halijasimama. Aliyezoea anasimama kando, anapunga mkono mmoja, anangoja. Mgeni wa basi anasimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, anatuzuia kama anazuia ng'ombe wasiingie shambani. Dereva anafunga breki, vumbi linatufunika sote, na likitulia mtu wangu yuko palepale anatabasamu. Nikishuka nimejaa hasira ananiwahi: "Shikamoo, mwenye gari." Haya, utamgombeza vipi mtu mzima aliyekwishakuamkia?

Akifika mlangoni hapandi. Anabisha hodi.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilicheka, na Mzee Chande akanifinya sikio mbele ya abiria wote. Mzee Chande ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa kondakta wa zamani, mfupi, mkali, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku ya matope. Akaniambia, "Mwenzio anaingia mahali pa watu kwa adabu, wewe unamchekea meno. Mkaribishe!" Nikasema karibu. Basi zima likasema karibu. Yule mgeni, mzee wa watu, akavua makubazi yake, akayapanga chini, akapanda pekupeku, akaanza kupeana mikono na abiria mmoja mmoja kuanzia benchi la mbele: habari za nyumbani, habari za shamba, mihogo inaendeleaje. Alipofika benchi la mwisho tulikuwa tumeshaondoka zamani, na makubazi yamebaki kando ya barabara. Mjini alizunguka pekupeku siku nzima. Tuliporudi alasiri makubazi yako vilevile yalivyopangwa. Akayavaa, akatushukuru sana kwa ulinzi wetu.

Mzee Chande aliniambia siku hiyo kwamba mgeni wa basi haogopi gari, anaogopa kuchekwa. Ukimcheka atakuwa mkaidi, na mkaidi ndani ya basi ni hasara kwa wote. Nilishika neno hilo, ingawa kucheka sikuacha. Nikawa nacheka nikiwa nimegeukia dirishani.

Sasa elimu yenyewe nawapeni bure. Ukipanda, shika bomba la mlango kwanza, ndipo unyanyue mguu. Wengi wananyanyua mguu kwanza, halafu wanatafuta cha kushika, na kilicho karibu ni shati la kondakta. Mashati yangu yaliishia mlangoni, mkitaka kujua. Kuku afungwe miguu awekwe chini ya benchi, kichwa kiangalie ndani, kwa sababu kichwa kikitokeza njiani kitakanyagwa na hapo tutagombana mpaka Mtwara. Ukihisi kichefuchefu nusa ndimu, na utazame mbele, mbali, barabara inakokwenda; usitazame mikorosho ya pembeni inavyokimbia, itakuvuruga tumbo. Ukishuka, elekeza uso gari linakokwenda. Kuna jamaa mmoja fundi cherehani aliyependa kuruka akitazama nyuma ili aage rafiki zake. Aliwaaga amelala chali kila Ijumaa mpaka akazoeleka.

Na ukitaka kushuka mwambie kondakta mapema. Usimpigie dereva kelele. Injini ya pua ndefu ilikuwa inanguruma miguuni pake, hasikii sauti ya mtu wa benchi la nne. Yeye anasikia kofi. Kofi moja kwenye bodi, simama. Mawili, twende. Makofi mengi ya haraka, kuna balaa. Ndiyo kusema dereva na abiria hawakuwa na mazungumzo. Kila neno la huku na huku lilipita kwangu.

Kati ya wote niliowapandisha, ambaye hajanitoka moyoni ni Biti Nassoro.

Dereva wetu alikuwa Issa, kijana mpole, mzito wa maneno. Alikuwa amemwoa Zuhura, binti wa Biti Nassoro wa Mpapura. Na kwetu, kwa faida yenu mliozaliwa mjini, mtu na mama mkwe wake hawakuwa wakitazamana usoni. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Hawaitani majina. Hawasemezani. Wakitajana wanatajana kwa wingi, "wakubwa wale", "wenyewe", hata kama mtu ni mmoja na ni mwembamba. Ugomvi hakuna hapo, ndiyo heshima yenyewe, na waliopendana sana ndio walioikaza zaidi.

Nyumba ya Biti Nassoro ilikuwa imeangalia barabara, kwenye kona kabla ya kituo. Kila tukikaribia kona hiyo Issa alikuwa anapiga honi ndefu, huku bado mbali, ili wakubwa wapate kuingia ndani. Abiria wageni walidhani anawaita watu wawahi gari. Tukipita, uani hakuna mtu, mlango umerudishwa, na ungo wa makopa ya mihogo umeachwa juani. Miaka yote ya ndoa ya Issa na Zuhura ilikuwa hivyo. Sidhani kama Issa aliwahi kuijua sura ya yule mama, wala yule mama sura yake; siku ya harusi mama alikuwa amejifunika khanga gubigubi.

Basi siku moja alfajiri, msimu wa korosho unakwisha na mvua za kwanza zimeanza, nafika stendi namkuta Issa amekaa kwenye ngazi ya gari, kichwa mikononi. Zuhura yuko hospitali tangu jana yake. Mtoto amelala vibaya tumboni, hatoki, daktari anasema lazima apasuliwe. Na Zuhura amekataa.

"Amekataa vipi?" nikamwuliza.

"Anasema kisu hakimgusi mpaka mama yake aje ampe radhi kwa kinywa chake. Dada yake alifariki kwenye uzazi, unajua. Alikwenda bila kuonana na mama yao. Zuhura anasema yeye haondoki hivyo."

"Na daktari?"

"Daktari anasema hawezi kumpasua mtu anayepigana na wauguzi. Anasema mchana huu ndio mwisho. Ikifika jioni watatutoka wote wawili, mama na mtoto, hatakuwa na la kufanya." Akanishika mkono. "Kaka, wakubwa wa Mpapura lazima waje leo. Na mimi siwezi kuwafuata wala kuwaambia. Wewe leo ndiye mdomo wangu."

Dereva mwingine wa kumpokea hatukuwa naye, yule wa pili alikuwa safarini Lindi na gari jingine. Tukaondoka hivyo hivyo. Njia nzima nilisahau hata kumtania yule fundi cherehani.

Tulipofika Mpapura hakupiga honi. Alisimamisha gari nyuma ya kona, nyumba haijaonekana, nami nikaenda mbio kwa miguu. Biti Nassoro alikuwa uani anamenya mihogo. Mama mrefu, mkavu, mikono ya jembe. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kuzunguka. Kisu kikamponyoka. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na khanga mbili, moja amejifunga na moja begani, akaniambia twende. Tulikuwa tumeshafika barabarani ndipo akasimama.

"Gari anaendesha nani?"

"Anaendesha mwenyewe, mama. Mume wa Zuhura."

"Haki ya Mungu hapo umenipotezea muda." Akageuka, akaanza kutembea upande wa Mtwara. "Nakwenda kwa miguu."

"Mama, utafika usiku!"

"Nitafika."

"Zuhura hana usiku, mama. Daktari amesema mchana."

Akasimama tena. Nilimwona mabega yanapanda na kushuka. Mimi hapo akili ikafanya kazi, au nilidhani inafanya kazi. Nikamwambia, "Nitakukalisha benchi la kwanza nyuma yake kabisa. Yeye anatazama mbele, wewe unatazama kisogo chake. Kisogo kinamwona mtu?"

Akafikiri. "Kisogo hakina neno," akasema.

Tukafika garini; Issa alikuwa ameshaligeuza, na abiria wa kituoni wamelifuata hapo hapo na kupanda. Akajifunika khanga ya pili mpaka puani, akasimama chini ya mlango. "Hodi," akasema kwa sauti ndogo. Basi zima likamwitikia karibu. Nikamfundisha pale pale: shika bomba, mama; sasa mguu; sasa vuta. Alipanda vizuri kuliko vijana wengi. Issa amegeuza uso dirishani, shingo imepinda mpaka nikamhurumia, hageuki wala hapumui. Nikamkalisha Biti Nassoro nyuma yake, nikaona nimemaliza kazi. Nikapiga makofi mawili. Issa akanyoosha shingo, akatia gia, akainua macho kama dereva yeyote anavyofanya akiondoka.

Akayainua kwenye kioo. Kile kioo kilichoning'inia juu mbele ya dereva, cha kutazamia abiria. Mimi nilikuwa nakipita kila siku, nakitumia kuchania nywele, na nilikuwa nimekisahau kabisa.

Na Biti Nassoro naye alikuwa ameinua macho.

Mayowe yaliyotoka pale siwezi kuyaigiza. Mama alijitupa chini katikati ya mabenchi, juu ya kuku. Kuku wakalia, mwenye kuku akalia, Issa akafunga breki, injini ikazima. Nilipogeuka Biti Nassoro alikuwa ameshashuka bila bomba wala nini, yuko barabarani anakwenda zake kwa hatua ndefu. Issa ameinamisha paji la uso kwenye usukani. "Nimemuua mke wangu," anasema. "Nimemuua mke wangu." Abiria wote wakanitazama mimi, kana kwamba kioo nilikitengeneza mimi.

Nikamkimbilia. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, hata kupiga magoti. Yeye akaniuliza bila kusimama, "Konda, yule analia?"

"Nani?"

"Wenyewe. Nimeyaona macho. Mekundu."

"Analia tangu jana, mama. Hajala."

Akapunguza mwendo. Mpaka hapo, naona, alikuwa anadhani labda sisi vijana tunakuza mambo, mzazi wa kwanza siku zote anaogopa. Lakini macho ya mkwe wake yalikuwa yamemwambia ukweli kuliko maneno yangu. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Kifunike kile kidude," akasema. "Na unikalishe mbali naye."

Nikarudi mbio. Kioo nikakiviringisha kwa kitambaa changu cha shingo, nikakikaza fundo. Abiria wa benchi la mwisho wakasogea bila kuombwa. Biti Nassoro akapanda tena, safari hii alishika bomba kwanza, akapita nyuma kabisa, akakaa amegeuka, anatazama dirisha la nyuma, ametugeuzia mgongo. Issa akaniuliza kwa kunong'ona, "Sasa nyuma nitaonaje? Kioo cha kushoto kilivunjwa na tawi la mkorosho, cha kulia kinaonyesha ubavu tu, unajua."

"Nyuma ni mimi," nikamwambia. "Endesha gari."

Tukaondoka. Na hapo ndipo nilipofanya kazi ya ukondakta kuliko siku yoyote. Issa ananiita, "Waambie wakubwa, wakisikia kichefuchefu wasione haya." Nakwenda mpaka nyuma, nafikisha. Biti Nassoro anasema, "Waambie wenyewe waache kunihangaikia, watazame barabara." Narudi mbele. "Waulize kama wamekula." Nyuma. "Waambie hata wao hawajala." Mbele. Sijafika, Biti Nassoro ananiita tena: "Waambie waongeze mwendo." Yaani mwanamke huyu ndani ya gari kwa mara ya kwanza maishani mwake, amekaa kinyume, roho iko mkononi, na anaona tunakwenda polepole! Abiria walitaka kucheka lakini hakuna aliyethubutu. Wote walikuwa wanajua tunakimbilia nini.

Mvua ikaanza, ya kweli. Tukaingia bondeni, pale barabara ilipokuwa imeinuliwa kwa tuta kabla ya daraja, matope huku na mtaro wa maji huku, gari moja tu ndilo linalopita. Na katikati ya tuta tukakutana na lori la korosho limejaa magunia hadi mbinguni, linakuja. Lori la mzigo kama ule halirudi nyuma kwenye matope. Dereva wake akatoa mkono dirishani, akaupungia chini, kama anatuomba msamaha. Tulitakiwa kurudi sisi.

Kanuni ni kondakta ashuke, asimame nyuma, apige bodi na kuelekeza. Nikashuka. Issa akatia gia ya nyuma. Nikawa narudi kinyumenyume huku napiga bati na kupaza sauti, njoo, njoo, na mvua inanitwanga, sisikii hata sauti yangu. Mguu ukakanyaga ukingo wa tuta. Ukingo ukaondoka nao. Nikaanguka chali, mguu mmoja umekwama kwenye tope, na ninachokiona juu yangu ni bampa ya basi langu mwenyewe inakuja.

Nilipiga kelele, lakini injini ilikuwa na kelele zaidi. Kupiga bodi siwezi, mkono haufiki. Issa hanioni: kioo kimefungwa kitambaa kwa mikono yangu mimi. Hapo niliwaza upuuzi, watu mnadhani anayekaribia kufa anawaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba Mzee Chande atanifinya sikio.

Ndipo nikasikia sauti. Ilitoka ndani ya basi, ikapita kwenye bati na mvua na injini, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mwisho wa shamba moja hadi mwisho wa jingine.

"Simama, baba! Simama! Konda kaanguka, simama!"

Gari likasimama. Tairi ilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia joto lake. Nikamsikia Issa akijibu: "Nimesimama, mama."

Abiria wawili wakashuka wakanivuta. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, kusimama siwezi, wakaniketisha kwenye ngazi ya mlango nikiwa tope tupu. Ndani mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akasema, "Lahaula, wamesemezana."

Biti Nassoro akamgeukia, khanga imeshuka mabegani, uso wazi mbele ya watu wote. "Ulitaka nimwache mtoto wa watu asagwe ili nibaki na heshima yangu? Nikaiweke wapi?"

Mzee akavua kofia yake, akaitazama. Kisha yule mama akarudi dirishani pake, akapaza sauti tena, safari hii bila woga: "Njoo, baba. Njoo. Upande wako wa kulia kuna shimo, kata kidogo. Hapo. Njoo tu, mimi nakuona." Na Issa akarudisha basi lile tuta zima kwa sauti ya mama mkwe wake, mpaka tukafika penye upana, lori likapita, dereva wake akatupigia honi ya shukrani. Mimi nimekaa kwenye ngazi, kazi yangu imechukuliwa na mtu ambaye asubuhi ile alikuwa hajui bomba la mlango ni kitu gani. Na aliifanya vizuri, nisiwe mwongo.

"Ondoa gari sasa," akamwambia. "Mtoto anatungoja."

Hatukupitia stendi. Issa aliliingiza basi moja kwa moja mpaka lango la hospitali, abiria wote na mizigo yao ndani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, hata mwenye kuku. Adhuhuri ilikuwa imekwishaadhiniwa. Nilishuka nikichechemea nikimshikilia Biti Nassoro, au yeye alikuwa ananishikilia mimi. Issa alikuwa ametangulia. Tulipofika kwenye korido tukamkuta mbele ya mlango, na alipotusikia tunakuja akageuka ukutani kama alivyozoea, mikono kifuani.

Muuguzi akatoka, amekunja uso. "Mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji sasa hivi, na bado anapiga kelele anamtaka mama yake. Anaingia mtu mmoja, dakika moja, basi. Mama au mume?"

Issa akasema na ukuta, "Kaka, waambie wakubwa waingie. Mimi nitangoja hapa."

Alikuwa anajua, kama mimi nilivyojua, kwamba huenda asimwone tena mke wake akiwa hai. Nilimgeukia Biti Nassoro ili nifikishe ujumbe, nikafungua kinywa, lakini hakuningoja. Alikwenda mpaka ukutani, akamshika Issa mkono. Alimshika kabisa, kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto wa kumvusha barabara, akamgeuza, wakatazamana.

"Sista," akasema, macho bado yako kwa Issa, "mle ndani yuko mwanangu, na huyu hapa ni mwanangu. Mama gani anaingia na nusu ya watoto wake?"

Muuguzi akanitazama mimi, sijui alitaka nimsaidie nini. Akafungua mlango, akapisha, wakaingia wote wawili. Kabla mlango haujafungwa nilimsikia Zuhura akiita mama, mara moja tu, kisha nikasikia ile sauti ya shambani, sasa imekuwa ndogo kabisa: "Nimekuwia radhi, mwanangu. Nimewawia radhi wote wawili. Nenda, mama, usiogope."

Zuhura akanyamaza. Wakamtoa kwenye kitanda cha magurudumu, amelala ametulia, wakampitisha mbele yangu.

Mimi nilikwenda kufungwa bendeji mguu. Nikajikongoja kurudi, sijui saa ngapi ilikuwa, mvua imekatika. Nikiwa bado mbali kwenye korido nikasikia mtoto mchanga analia, kilio cha hasira, kilio cha mwenye afya, na muuguzi yule yule anacheka na kusema mama naye salama, ameshaamka, anaomba maji. Nikakunja kona. Mama mkwe na mkwe wake walikuwa wamekaa benchi moja, bega kwa bega, wote wawili wanalia, na hakuna aliyefunika uso.